Botulizimu kwenye kipimo cha neva na misuli: matokeo yanayochanganya na namna ya kuyatatua

Mgonjwa wa botulizimu, yaani kulegea kunakoletwa na sumu ya bakteria iitwayo botulinamu, hufika chumba cha kipimo cha neva akiwa ameshapita mikononi mwa watu kadhaa. Mmoja alidhani kiharusi, mwingine miasthenia (ugonjwa wa kinga ya mwili unaochosha misuli), wa tatu akaandika "Guillain-Barré?" (kinga ya mwili kushambulia neva) na kuacha alama ya kuuliza. Faili sasa liko mezani kwako, na unaulizwa swali moja: je, tatizo liko pale neva inapokutana na msuli, na kama lipo, liko upande gani wa makutano hayo?

Ugonjwa huu ni adimu kwetu, lakini upo. Oktoba 2008 wanafunzi watatu wa shule ya bweni nchini Uganda walilazwa, mmoja akafariki, na sumu ya botulinamu aina A ikathibitishwa kwenye sampuli zao. Wote watatu walikuwa wamekula kitoweleo cha mafuta kilichotengenezwa nyumbani, vile ambavyo watoto wengi hubeba kwenye kopo wanaporudi bweni, nacho ndicho kilichoshukiwa zaidi. Kenya nayo iliripoti mlipuko uliotokana na kula kumbikumbi. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1980. Kwa hiyo anayesema "huo ni ugonjwa wa Wazungu na makopo yao" asisikilizwe.

Kabla ya yote, lishike jambo hili. Sumu huingia kwenye ncha za neva za mwendo na kukata protini zinazoviwezesha vifuko vya asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva kwenye msuli, kumwaga kilichomo. Neva inapitisha umeme kama kawaida. Msuli wenyewe ni mzima. Kinachokosekana ni asetilikolini ya kutosha kuuamsha huo msuli. Karibu kila tokeo la ajabu hapa chini linaelezeka kwa hilo.

Kabla ya kuwasha mashine

Anza na pumzi. Mwambie mgonjwa avute hewa kwa nguvu, kisha ahesabu kwa sauti kwa pumzi hiyo moja. Akiishia chini ya 20, hapo si mahali pake. Anatakiwa awe karibu na mashine ya kupumulia. Mwangalie pia kama anaweza kuinua kichwa kwenye mto, kwa sababu shingo ikilegea mara nyingi misuli ya kupumua nayo imeshaguswa. Usijifariji na oksijeni inayosoma asilimia 97 kwenye kidole. Kiwango hicho hushuka mwishoni kabisa, mgonjwa akiwa ameshachoka. Kama kuna kifaa cha kupima mapafu, hewa ya pumzi nzima ikiwa chini ya mililita 20 kwa kila kilo ya uzito, acha kipimo, mpeleke chumba cha wagonjwa mahututi (ICU), mashine utaifuata huko huko kitandani kwake.

Pili, kipimo chako hakipaswi kuchelewesha dawa ya kuzima sumu. Dawa hiyo hunasa sumu iliyo bado kwenye damu. Iliyokwisha kuingia ndani ya neva haiwezi kuitoa. Daktari akiwa na shaka ya kutosha, aiombe leo hii. Damu, choo na mabaki ya chakula vichukuliwe kabla ya dozi, maana baada yake damu inaweza isionyeshe sumu tena. Na kwa kuwa dawa inayotumika kwa watu wazima hutengenezwa kutokana na damu ya farasi, adrenalini iwe tayari kitandani.

Tatu, pitia chati ya dawa. Gentamisini na ndugu zake, pamoja na magnesiamu ya kwenye mshipa, huzuia zaidi umwagaji wa asetilikolini. Hospitali zetu gentamisini inaandikwa upesi sana, na mgonjwa huyu inaweza kumzima pumzi. Ukiikuta kwenye chati, piga simu wodini kabla hujagusa elektrodi.

Dalili: kope zimeanguka, anaona mbilimbili, udhaifu unashuka kutoka usoni

Huyu ndiye mgonjwa anayeletwa akiwa ameinua kidevu juu, akikuangalia kupitia upenyo mdogo chini ya kope zake, sauti ikitokea puani. Akili yake iko sawasawa, hana homa, na anajua kila kinachoendelea. Ongea naye hivyo, hata kama majibu yanachelewa.

Kwa mazingira yetu ningefikiria kwanza miasthenia, kisha kung'atwa na nyoka kama swila au koboko, halafu Guillain-Barré ya aina inayoanza machoni, sumu za kuulia wadudu shambani, kiharusi cha shina la ubongo, na mwisho botulizimu. Lakini mpangilio huo unapinduka mara moja ukisikia watu wawili waliokula chungu kimoja wanaugua pamoja. Hapo botulizimu inapanda hadi namba moja. Uliza pia kidonda kilichooza, kujidunga heroini, na sindano za urembo au za kupunguza uzito: mwaka 2023 watu kadhaa wa Ulaya waliugua baada ya kudungwa botulinamu tumboni huko Uturuki.

Vitu vya kukagua bila mashine ni vichache na vina thamani kubwa. Tazama mboni: kwenye botulizimu mara nyingi ni kubwa na hazisinyai vizuri kwa mwanga, kwenye miasthenia ni za kawaida, na kwa aliyekunywa dawa ya wadudu ni ndogo kama kichwa cha pini. Tazama mdomo: mkavu hadi ulimi unanata, tofauti na aliyekunywa dawa ya wadudu ambaye mate yanamdondoka. Uliza choo, kwani wengi wamefunga choo kwa siku kadhaa. Gonga magoti: yakiacha kuruka mapema wakati miguu bado ina nguvu, fikiria Guillain-Barré. Gusa ngozi: botulizimu haileti ganzi. Mboni za kawaida, hata hivyo, haziifuti botulizimu. Wapo wagonjwa ambao mboni zao haziguswi.

Dalili kwenye skrini: mwitikio wa msuli ni mdogo, lakini hisia na kasi ni za kawaida

Hii ndiyo sura inayotarajiwa zaidi. Unachochea neva ya alna kwenye kifundo cha mkono, unapima msuli unaovuta kidole cha mwisho pembeni, na wimbi linalotokea ni fupi: milivoti 2 badala ya 6 na zaidi. Umbo lake ni zuri, linaanza kwa wakati wake, kasi ya neva ni safi, na neva za hisia hazina kasoro. Kabla ya kufurahia, ondoa makosa ya mezani.

Sababu ya kwanza kwa wingi ni umeme mdogo. Ongeza hadi wimbi likatae kukua, kisha ongeza tena asilimia 20 au 25. Sababu ya pili ni elektrodi iliyokaa nje ya tumbo la msuli. Wimbi linaloanza kwa kushuka chini kabla ya kupanda ni ushahidi wake, isogeze. Mkono uliovimba maji nao hupunguza wimbi. Ukishamaliza hayo, pima upande wa pili na angalau msuli mmoja zaidi. Mwitikio mdogo kwenye msuli mmoja pekee unaweza kuwa jeraha la zamani ambalo mgonjwa amesahau.

Likibaki dogo kotekote, zimebaki sababu za kweli: neva isiyomwaga ya kutosha, yaani botulizimu, Lambert-Eaton (kinga ya mwili kuzuia ncha za neva kumwaga) au magnesiamu nyingi, Guillain-Barré ya aina inayoharibu nyuzi za mwendo peke yake, au ugonjwa wa msuli. Zinatenganishwa na jaribio la kukaza msuli, ambalo ndilo moyo wa kazi yote.

Mgonjwa apumzike kabisa dakika kadhaa. Piga pigo moja la umeme, hifadhi wimbi. Mwambie akaze kidole kwa nguvu zake zote sekunde 10, wewe ukimpinga kwa mkono wako. Mara anapolegeza, piga pigo jingine papo hapo. Linganisha. Kukaza hujaza kalsiamu kwenye ncha ya neva, na neva yenye kalsiamu nyingi humwaga zaidi, hivyo wimbi lililokuwa dogo linakua. Kwenye botulizimu ongezeko la asilimia 40 hadi 100 ni la kawaida, na wakati mwingine huwa dogo kuliko hapo. Guillain-Barré haina ongezeko hili.

Usiishie hapo. Endelea kupiga pigo moja moja kila dakika, hadi dakika ya nne au ya tano. Kwenye Lambert-Eaton ongezeko huyeyuka haraka, mara nyingi ndani ya dakika moja. Kwenye botulizimu hudumu, na wimbi halichoki chini ya pale lilipoanzia. Wengi huiacha hatua hii kwa sababu foleni ni ndefu nje, na ndiyo hatua inayotenganisha magonjwa haya mawili kuliko namba ya asilimia peke yake.

Dalili: umekaza, umepiga, wimbi halikukua

Hapa ndipo ripoti nyingi huandikwa vibaya: "hakuna dalili za botulizimu." Pole pole. Sababu kwa mpangilio wa wingi:

1. Mgonjwa hakukaza kweli. Ni dhaifu, amechoka, au hakuelewa. Rudia ukiwa umemshika kidole mwenyewe.
2. Ulichelewa kupiga. Ukitafuta kitufe kwa muda, ongezeko dogo linaweza kupungua. Mashine iandaliwe kabla hajalegeza.
3. Hakupumzika kabla ya pigo la kwanza. Amekuwa akisogeza vidole, ongezeko limeshatokea, na huna cha kulinganisha nacho.
4. Msuli uliochagua hauna shida. Rudia kwenye msuli uliolegea waziwazi.
5. Sumu imeziba karibu kila kitu. Ncha za neva zisipobaki na cha kumwaga, hakuna kalsiamu itakayosaidia. Huyu huwa tayari yuko kwenye mashine ya kupumulia.

Asiyeweza kukaza, kama aliyelazwa usingizi au mtoto, hupimwa kwa mapigo ya haraka, 20 hadi 50 kwa sekunde, kwa sekunde chache. Ni maumivu makali kwa aliye macho. Mtu mzima anayeweza kukaza mwenyewe asifanyiwe hivyo, na asiyewahi kufanya chini ya usimamizi asianzie kwa mgonjwa mahututi. Mwite daktari wa neva au fundi mzoefu.

Dalili: ongezeko ni kubwa kupita kiasi, au halieleweki

Wimbi likikua mara mbili, mara tatu na zaidi, Lambert-Eaton inakuja mbele. Huyo kwa kawaida ameugua polepole kwa wiki au miezi, udhaifu ulianzia mapajani, na huenda kuna saratani ya mapafu iliyojificha. Botulizimu huja kwa saa na siku: baada ya chakula, mara nyingi kati ya saa 12 na 36.

Magnesiamu huiga picha hii vizuri sana. Mama aliyetibiwa kifafa cha mimba kwa dripu ya magnesiamu, akalegea, magoti hayaruki, mwitikio mdogo unaokua baada ya kukaza: pima magnesiamu kwanza, na kama pumzi inapungua kalsiamu glukoneti isisubiri majibu ya maabara.

Kuna pia ongezeko la uongo. Nyuzi za msuli zikifanya kazi kwa haraka zaidi wimbi hurefuka juu huku likibanwa upana. Tazama eneo chini ya wimbi: urefu ukipanda asilimia 30 na eneo likabaki pale pale, hukupata ongezeko la kweli. Na kama elektrodi ilihama wakati wa kukaza, umbo la wimbi litakuwa limebadilika. Ibandike upya, anza upya.

Dalili: mapigo 3 kwa sekunde yanaporomosha wimbi, au hayaliporomoshi

Mporomoko wa zaidi ya asilimia 10 kati ya wimbi la kwanza na la nne au la tano unaonyesha tatizo la makutano ya neva na msuli. Haukuambii ni lipi. Miasthenia inaleta, Lambert-Eaton inaleta, botulizimu wakati mwingine inaleta na wakati mwingine haileti. Ukiuona huku wimbi la kwanza ni la urefu wa kawaida na halikui baada ya kukaza, miasthenia ndiyo inayoongoza.

Mporomoko unaopanda na kushuka ovyo si ugonjwa. Ni mkono unaotikisika. Ufunge kwenye ubao, rudia, na ukubali tokeo pale tu linapojirudia sawasawa.

Mporomoko usipoonekana kabisa, shika mkono wa mgonjwa. Ukiwa wa baridi, umeshapata jibu. Msuli wa baridi hutunza asetilikolini na kuficha kasoro, na vyumba vyetu vya vipimo vina viyoyozi vinavyovuma siku nzima kuzilinda mashine. Upashe joto kwa taulo la maji ya moto hadi ngozi ifike nyuzi 32 au zaidi, kisha rudia. Kama mgonjwa anatumia piridostigimini, dawa ya miasthenia, nayo huficha mporomoko. Lakini kuisimamisha ni uamuzi wa daktari wake, na anayepumua kwa shida asisimamishiwe.

Ukiona pigo moja linazaa wimbi na kijiwimbi cha pili nyuma yake, geukia sumu ya kuulia wadudu.

Dalili: kila kitu ni cha kawaida, lakini mgonjwa anazidi kulegea

Tokeo hili lisikutulize. Siku za mwanzo kipimo kinaweza kuwa safi kabisa, hasa ukipima mkono wakati udhaifu bado uko usoni na shingoni. Fuata udhaifu ulipo: pima msuli wa pua au wa kuzunguka jicho kupitia neva ya uso, na ule wa kupandisha bega. Rudia kesho au keshokutwa. Kwenye ripoti usiandike "si botulizimu". Andika kilichopimwa, siku ya ngapi ya ugonjwa, na kwamba kipimo cha mapema hakiiondoi.

Dalili: hisia zina kasoro, au kasi ya neva iko chini

Botulizimu pekee haifanyi hivyo. Kasi ikiwa chini na mawimbi yakichelewa, fuata Guillain-Barré. Hisia pekee zikiwa dhaifu kwa mgonjwa wa kisukari au anayekunywa sana pombe, huenda ni ugonjwa wake wa zamani uliokuwepo kabla. Botulizimu inaweza kukaa juu yake.

Dalili: sindano ya msuli inaonyesha "ugonjwa wa msuli"

Nyuzi nyingi zinapokosa ujumbe, mawimbi yanayobaki huwa mafupi, membamba na mengi, sawa kabisa na ya msuli mgonjwa. Baada ya muda msuli uliokatiwa mawasiliano unaweza kuanza kupiga wenyewe ukiwa umetulia. Ndiyo maana sindano isitangulie mapigo ya mfululizo. Kipimo cha uzi mmoja mmoja kina uwezo mkubwa wa kugundua kasoro ndogo, ila kinataka mkono uliofundishwa na mgonjwa anayetulia. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asichomwe kabla ya kuzungumza na daktari wake, na misuli ya kifua na shingo aachiwe mtaalamu.

Mtoto mchanga aliyelegea

Hapa sumu haitoki kwenye sahani. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja humeza mbegu za bakteria, nazo huota tumboni mwake na kutengeneza sumu humo humo. Asali ni njia inayojulikana vizuri, kwa hiyo muulize mama, na muulize bibi pia kwa heshima, maana aliyemlambisha mara nyingi si mama. Dalili ya kwanza huwa kufunga choo. Kisha kilio kinakuwa chembamba, ananyonya na kuachia, kichwa kinaangukia nyuma, uso hauna tabasamu.

Tatizo la kwetu ni kwamba mtoto aliyelegea na asiyenyonya huhesabiwa kuwa ana maambukizi ya damu, na matibabu ya kawaida ya hayo ni ampisilini na gentamisini. Maambukizi ni ya kawaida zaidi kweli, na yanaua, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Lakini asiye na homa, aliyefunga choo na mwenye kope nzito anastahili swali la pili kabla ya sindano ya gentamisini, na daktari wa watoto ndiye wa kuchagua dawa mbadala.

Kwenye mashine tafuta mwitikio mdogo unaokua kwa mapigo ya haraka. Mtoto mchanga hupoa upesi, mpashe joto. Usisahau ugonjwa wa kurithi wa seli za neva za uti wa mgongo, unaolegeza watoto wa umri huohuo: huo unautambua kwa ulimi unaotetemeka na macho yanayozunguka vizuri. Mtoto akianza kukosa pumzi, kuacha kumeza mate au kubadilika rangi wakati wa kipimo, toa elektrodi zote na ita wenzako. Rekodi uliyoipata inatosha kuanzia.

Ripoti na simu

Ukikuta mwitikio mdogo kwenye misuli miwili au zaidi, hisia safi, ongezeko baada ya kukaza linalodumu dakika kadhaa, andika: "kasoro ya makutano ya neva na msuli, upande wa neva, inayolingana na botulizimu." Kisha nyanyua simu, usingoje karatasi ipande wodini kesho. Uthibitisho wa mwisho hutoka maabara kwa kukuta sumu kwenye damu, choo au chakula, na huchukua siku. Ofisi ya afya ya wilaya ijulishwe siku hiyohiyo, kwa sababu kopo au chungu kilichomleta huyu huenda bado kiko jikoni kwa mtu mwingine. Chakula hicho kisionjwe na kisitupwe. Kifungwe, kiwekwe kwenye baridi, kisubiri wanaokuja kukichukua.

Mgonjwa akitoka kwenye hatari, mpangie kipimo kingine baada ya wiki kadhaa. Neva huchipua ncha mpya kwa miezi, na wimbi linalorudi kidogo kidogo ni taarifa ambayo yeye na familia yake watataka kuisikia.